Likizo hii, tutengeneze na mtoto cha kuchezea

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Kwa wazazi na walezi wa watoto wa Darasa la Awali

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA VIFAA VYA KUCHEZEA VYA NYUMBANI

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tunafunga muhula watoto wakiwa salama. Ninawashukuru kwa mahindi na kuni. Hakuna wiki ambayo watoto wamekosa uji. Ripoti ya mtoto ataileta mwenyewe nyumbani, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa humo.

Ninalotaka kuwaandikia leo ni jingine. Muhula huu wazazi kadhaa wamenijia ofisini na swali moja: "Mwalimu, mbona mtoto wangu anacheza tu, haandiki?" Wengine wameomba mazoezi ya likizo, wengine wanatafuta mwalimu wa tuisheni. Najua wanauliza kwa kumpenda mtoto. Lakini mtoto wa miaka mitano hutangulia kujifunza kwa mikono, kalamu ikafuata, na mtaala wa elimu ya awali wenyewe unatutaka tufundishe kwa michezo.

Niwape habari ya gari moja. Mwezi wa tatu mtoto alikuja na gari alilotengeneza na babu yake. Bodi ilikuwa kidumu cha mafuta ya kula cha lita moja, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili iliyochakaa, ekseli ni vijiti vya mti. Kila likivutwa linakwenda upande. Wenzake wakalizunguka. Mmoja akasema kamba ni fupi, mwingine akasema kidumu kimejaa upepo, mpaka msichana mmoja akachomoa magurudumu mawili, akalaza moja juu ya jingine, akaona hayalingani. Mwalimu wao akawapa kopo walisimamishe juu ya kandambili na kuzungusha kalamu pembeni yake, kisha yeye akakata kwa kisu. Yakapatikana manne yaliyo sawa, gari likanyooka. Watoto wale walipima, walilinganisha, walihesabu, na walibishana kwa sentensi zilizokamilika. Nilikuwa napita tu kwenda ofisini. Nilisimama mlangoni mpaka gari likanyooka.

Ombi langu ni hili: katika likizo hii kila nyumba itengeneze kitu kimoja pamoja na mtoto. Mtengeneze naye, msimtengenezee. Mwacheni afunge fundo likalegea, alifungue, alifunge tena. Vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Hapa kwetu mkonge haukosekani. Nyuzi zake zikichanwa na kusukwa zinakuwa nywele nzuri za mwanasesere. Mwili wake gunzi la mahindi, nguo yake kipande cha kanga iliyochanika. Mkae mbali kidogo mumsikilize mtoto akimbembeleza, akimkanya, akimwimbia. Maneno yale ndiyo lugha anayoijenga, na mara nyingi mtasikia humo sauti zenu wenyewe. Wavulana nao wasikatazwe. Udongo wa kichuguu ukipondwa, ukachekechwa na kukandwa kwa maji kidogo kidogo mpaka usinate mikononi, unafinyangika ng'ombe, vyungu, hata herufi ya kwanza ya jina lake. Ukifunikwa kwa kitambaa kilicholowa utafaa na kesho. Wako wanaotumia unga wa ngano na chumvi. Unafaa, ila mimi nasema unga ni chakula, na udongo tunao. Vizibo vya soda vilivyooshwa vinatosha kuhesabia. Mpira wa matambara kila mmoja wetu anajua kuufunga.

Katika usalama nawaomba tusilegeze. Kama ana mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, vizibo, kokoto na mbegu visiachwe sakafuni, maana mtoto wa umri huo kila anachookota hukipeleka mdomoni, na kinaweza kumkaba. Mkitengeneza kayamba, ndani mtie kunde au mahindi. Msitie nyonyo, wala zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi; zinapendeza macho lakini zina sumu kali. Kopo la bati kingo zake zigongwe kwa nyundo mpaka zilale. Betri za saa na za rimoti zikae juu, asikozifikia. Na chupa au kidumu kilichowahi kutiwa dawa ya kuulia wadudu shambani, hata kikioshwa mara kumi, kisifike mkononi mwa mtoto.

Shule ikifunguliwa, kila mtoto aje na kitu chake. Tutaviweka kwenye kona za darasa, cha kila mmoja kikiwa na jina lake, na watoto watachezea kwa zamu. Mzazi anayerudi kazini usiku au aliye safarini asione kwamba mtoto wake ameachwa nyuma: bibi, babu, dada au jirani anatosha kukaa naye jioni moja. Kama hata huyo hayupo, mniambie, tutatengeneza naye hapa shuleni.

Wazee wanaojua kutengeneza kayamba za matete ninawaalika Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua, saa nne, watoto wakishakunywa uji. Waje na kisu chao. Matete na kamba tutaandaa sisi.

Nawatakia likizo njema.

Wenu,
Mwalimu Mkuu