Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Januari hadi Desemba 2025

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana, assalaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Katiba inanitaka niwasomee taarifa ya mwaka, na nitajitahidi nisiwachoshe kwa mambo mliyoyaona kwa macho yenu.

Mazishi yalikuwa matatu, na kila familia ilipokea shilingi 40,000 pamoja na turubai, viti na masufuria. Futari ya pamoja ilifanyika. Viti vilivyovunjika vimechomelewa, na cheti chetu kimehuishwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Hayo yanatosha.

Linalohitaji maelezo ni zile shilingi 83,000 zilizotoka katika mfuko wa maafa kwa ajili ya mama mwenzetu aliyepatwa na kiharusi katikati ya Februari, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani. Maneno yamesemwa mengi, barazani, kwenye feri na katika kundi letu la WhatsApp, nami nikanyamaza kwa makusudi, kwa kuwa mahali pa kujibu ni hapa mbele ya wanachama wote na si kwenye simu usiku wa manane.

Mama huyu hamhitaji kutambulishwa, kwani sijui msiba gani hapa Likoni uliopita bila yeye kusimama jikoni. Presha ilimpanda usiku, upande wote wa kulia ukalala na maneno yakamkwama kinywani. Alipokuwa karibu kuruhusiwa kurudi nyumbani, daktari aliieleza familia, mimi na katibu tukiwapo, kwamba hatari ya kwanza imepita, lakini miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo mwili hurejea kwa kasi ukifanyishwa mazoezi, na kwamba baada ya hapo nafuu huja kwa polepole sana. Mkutano mkuu uliokuwa karibu ulikuwa wa Juni. Mwenye hesabu zake na afanye hesabu.

Fedha zenyewe zilitumika hivi: mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja nyumbani mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi na mbili, kwa shilingi 1,500 kila mara, jumla 54,000, kiti cha magurudumu kilinunuliwa kwa 15,500, godoro na nepi za watu wazima zilichukua 9,900, na 3,600 zilikwenda kwenye mchango wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kwa sababu tangu bima ya zamani ya NHIF iondolewe Oktoba 2024, asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na familia ilikuwa haijalipa. Risiti zote anazo mweka hazina. Walioniuliza kwa nini mgonjwa asivushwe kwa feri apelekwe kliniki ng'ambo, kisiwani Mombasa, nawauliza kama wamewahi kumshusha mtu asiyeweza kukaa wima kwenye mteremko wa feri asubuhi, umati ukikimbilia mlango na tuktuk zikipiga honi nyuma. Mimi nimewahi, na mafuta ya gari langu siku zile sikuyadai popote. Sisemi haya ili nisifiwe.

Barua ya malalamiko iliyotiwa saini na wanachama kumi na mmoja inasema kwamba kifungu cha 9 kinaruhusu mfuko wa maafa utumike kwa vifo peke yake. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi kuliko baadhi ya waliokinukuu. Vilevile nimekisoma kifungu cha 14, kinachoipa kamati mamlaka ya kuchukua hatua panapotokea dharura na kuripoti baadaye, na ndicho tulichokifuata. Nimeambiwa kwamba waasisi walipoandika dharura walikusudia turubai kuchanika siku ya mazishi. Labda walikusudia hivyo, lakini hawakuandika hivyo. Kamati ilikutana, wajumbe watano wakakubali, na mweka hazina akapinga, na upinzani wake umo katika kumbukumbu kama alivyotaka. Tungemsubiri mama huyu afe, chama kingetoa shilingi 40,000 bila mtu kuuliza swali, na sote tungekula pilau na kwenda zetu.

Imesemwa pia kwamba mgonjwa ni mtu wa nyumba ya mwenyekiti. Ni kweli kwamba ni mamake mdogo mke wangu, jambo ambalo sikulificha, na wakati wa kura nilitoka nje nikakaa kibarazani hadi nilipoitwa. Lakini Likoni hii ni nani asiye jamaa ya mwenziwe? Tukianza kuwatoa wote wenye ujamaa na mgonjwa, kamati itabaki na mjumbe mmoja, na huyo ni mgeni kutoka Changamwe.

Kuhusu dua sina lawama. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, ua wa nyumba yake ulijaa hadi watu wakakaa njiani, Yasin ikasomwa, na mgonjwa akaletwa nje kwa kiti chake. Jumatatu ya Pasaka wenzetu Wakristo nao walikuja wakaimba na kuomba, na kwa wale walionung'unika kwamba mwenyekiti anachanganya dini, ninawajulisha kwamba mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyewapungia mkono wa kushoto waingie, wakati ambapo maneno yalikuwa bado hayajamrudia. Ninaiamini dua. Nilikuwapo siku alipolitamka jina la mjukuu wake, likatoka nusu na kisha likatoka lote, na hakuna aliyebaki na macho makavu.

Lakini usiku ule wa dua zilitoka sahani 140 za chakula, na daftari la zamu za kumuuguza lililotundikwa kwa uzi mlangoni lina majina tisa, saba ya akina mama na mawili ya wanaume. Mgonjwa wa namna hii asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hutoka vidonda vya mgongo, na kugeuza mtu saa tisa za usiku hakuhitaji elimu, kunahitaji mtu aliyeamka. Kwa wiki nzima nzima kalamu ile ilizunguka katika mikono ile ile. Wapo waliotuma ujumbe wa "tuko pamoja" kila asubuhi ambao sijui kama mlango wa nyumba ile wanaujua rangi yake.

Leo mama huyu anatembea kwa fimbo hadi msalani bila kushikwa. Mtaalamu alipoona amechoka kuminya mpira, alimwekea ungo wa mchele mapajani achambue kwa mkono wa kulia, na mwanzoni chembe moja ilimchukua muda wa kuchemka chai. Wiki iliyopita nilimkuta amemaliza kibaba, na akanionyesha changarawe alizozitoa akizipanga kwenye kifuniko cha kopo.

Sasa nije kwenye michango. Tuko wanachama 52, na kwa shilingi 500 kila mwezi tulitarajia 312,000, tukakusanya 187,600, ikabaki 124,400 mikononi mwenu. Mwaka ulianza na 214,750. Ukiondoa mazishi 120,000, matibabu 83,000, na ada za benki, cheti na gharama ndogondogo 21,300, salio ni 178,050. Kwa hiyo yule anayesema mfuko umekauka kwa ajili ya mgonjwa mmoja hajatazama daftari, kwani deni letu sisi wenyewe limezidi fedha alizotumia mgonjwa. Kati ya wale kumi na mmoja waliotia saini, saba wanadaiwa zaidi ya miezi sita. Majina sitayataja, ingawa daftari liko wazi. Mikutano minne iliitishwa na miwili ikavunjika kwa kukosa akidi, ukiwemo ule wa Juni ambao ajenda yake ya kwanza ilikuwa kuijadili barua hiyo hiyo.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia kuangalia uwezekano wa kuwa na mfuko mdogo wa wagonjwa ulio mbali na ule wa maafa, na Mungu akipenda kumwalika muuguzi atupime presha siku ya mkutano, maana wengi wetu hatuijui presha yetu hadi itulaze. Ninawashukuru wajumbe wa kamati, akiwemo mweka hazina, na wale tisa wa daftari.

Pendekezo la kurekebisha kifungu cha 9 litapigiwa kura baada ya taarifa hii, na kwa mujibu wa katiba asiye na deni ndiye mwenye kura. Mweka hazina amekaa meza ya karibu na mlango na atapokea malipo hadi saa tano, kabla ya chakula.

Wenu,
Mwenyekiti