Dada, shemeji anataka Dallas na wewe unataka Houston: haya ndo maoni yangu

Dada shikamoo. Poleni na baridi ya Minnesota, na watoto nawasalimia sana. Najibu hapa wazi badala ya kukutumia voisi WhatsApp kwa sababu swali lako ndo swali la Waswahili wengi walioko Minnesota, Ohio na Maine, watu wamechoka kukwangua barafu kwenye vioo vya gari na wanataka kushuka Texas, sasa wakishaamua Texas ndo ubishi unaanza, Dallas au Houston.

Nimesikia mmebishana na shemeji mpaka mama Tanga kapigiwa simu aamue. Mama ataamua nini jamani, yeye hata hiyo Dallas haijui. Naomba shemeji asinichukie, mimi nasema njooni Houston.

Sababu yangu ni moja. Shemeji anaendesha lori. Akitoka Jumatatu anaweza asionekane nyumbani mpaka wiki ya pili, mzigo ukienda Atlanta na yeye yuko Atlanta, mzigo ukienda Denver na yeye huko huko. Hoja yake ya Dallas naielewa na ni ya kweli, pale ni njia panda ya barabara kuu za I-20, I-30, I-35 na I-45, maghala yamejaa kusini mwa jiji na mizigo haikauki. Lakini Houston ina bandari kubwa, kontena zinashuka kila siku na lazima mtu azibebe, na I-10 inapita katikati inaenda mpaka Florida upande mmoja na California upande wa pili. Kazi ya lori ataipata kokote kule. Wewe ndo unaetoka na kurudi kila siku, wewe nesi wa shifti ya usiku, masaa 12 umesimama, saa moja asubuhi unakabidhi wagonjwa halafu unaanza kuendesha na macho mazito, na watoto wanakusubiri uwapeleke shule. Mji wachaguliwe wale wanaolala nyumbani, anaelala kwenye lori atajipanga.

Na kwa nesi sidhani kama kuna mahali kama Texas Medical Center ya hapa Houston. Ni mji ndani ya mji, ndo mkusanyiko mkubwa wa hospitali kuliko wote duniani, wanafanya kazi pale watu zaidi ya laki moja, hospitali zimebanana utafikiri maduka ya Kariakoo, ya kansa, ya moyo, ya watoto, vyuo humo humo. Maana yake ukigombana na bosi huhami nyumba, unavuka barabara tu unaenda kuomba kazi hospitali ya pili. Paking pale ni ghali, lakini manesi wengi wanaacha gari Fannin South wanapanda treni ya Red Line inawashusha karibu na mlango wa kazini. Leseni anza kuishughulikia sasa hivi usisubiri mpaka muwe mmeshahama, Texas wana mtihani wao wa sheria za uuguzi ambao mtu anaehamisha leseni lazima aufanye, sio mgumu ila ukichelewa unakaa bila kazi.

Sasa nisiionee Dallas maana sio mji mbaya hata kidogo. Kama kazi yako ingekuwa ya kompyuta au ya benki ningekwambia nenda Dallas na usigeuke nyuma, makampuni yamehamia kule kwa fujo, AT&T walihamishia makao makuu pale mwaka 2008, Toyota wakahamia Plano, jirani na Dallas, mwaka 2017, na bado Texas Instruments ni wenyeji wa siku nyingi. Wakenya wamejaa, Wakongo wapo. Uwanja wa ndege wa DFW ni mkubwa kuliko kisiwa cha Manhattan na unaenda nao karibu kila kona ya dunia. Treni zao za DART zina mtandao mrefu sana, Houston hatuwezi kushindana hapo, ila shemeji aliniambia mnaangalia nyumba Arlington na Arlington haimo kabisa kwenye DART, Frisco nayo haimo, kwa hiyo hiyo treni mtaisikia kwa majirani tu. Huku au kule nyie mtahitaji magari mawili, hilo msijidanganye.

Halafu kuna huu utani wa miji hii miwili utausikia ukifika. Wa Dallas wanasema Houston ni kinamasi chenye harufu ya mafuta, wa Houston wanasema Dallas ni watu wa majivuno wanaoishi kwa mkopo wa gari. Mwaka 2023 kwenye besiboli Rangers wa upande wa Dallas waliwatoa Astros wa Houston kwenye mechi ya saba, hapa hapa nyumbani kwetu, halafu wakaenda kubeba ubingwa wao wa kwanza, watu kazini walinuna wiki nzima. Mi naona wote wana ukweli kidogo, hasa hiyo harufu, ukielekea Pasadena na Deer Park ambako kuna viwanda vya mafuta unaisikia kweli. Mwezi wa 3 mwaka 2019 matenki ya kemikali yaliungua Deer Park siku kadhaa, moshi mweusi ulionekana jiji zima. Mtoto wenu mdogo ana pumu, kwa hiyo upande wa mashariki wa jiji ufuteni kabisa hata kama kodi ni ya chini.

Hali ya hewa nayo kila mmoja ana balaa lake. Dallas ni kavu kidogo na inapata baridi ya kweli, Februari 2021 ile dhoruba ya barafu ilishuka mpaka nyuzi 19 chini ya sifuri, mtacheka nyie wa Minnesota lakini nyumba za Texas hazijajengwa kwa hiyo baridi, mabomba yanapita juu ya dari na yalipasuka kila mahali, umeme hakuna. Houston pia tulipigwa. Kule Dallas kuna tonado na mvua ya mawe inayoharibu paa na magari, ndo maana utaona watu wanagombania apatimenti zenye paking ya kufunikwa. Houston ni joto lile lile la Tanga, unatoka kuoga unatoka jasho, nguo kabatini zinaota ukungu ukizima AC.

Lakini shida ya Houston sio joto dada, ni maji. Hapa naomba unisikilize vizuri na shemeji asome mwenyewe.

Mji huu ni tambarare kama meza na udongo wake ni mfinyanzi haunywi maji. Kimbunga cha Harvey kilivyokuja Agosti 2017 kuna sehemu zilipata zaidi ya milimita 1,000 kwa siku chache, yaani karibu mvua ya mwaka mzima ya Dar imemwagwa kabla wiki haijaisha. Upande wa magharibi kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yalijengwa miaka ya 1940 kuzuia maji yasizamishe katikati ya jiji, sasa siku nyingi yanakuwa makavu, ni miti na viwanja vya mpira, watu wakauziwa nyumba pembeni pale na wengine hata hawakujua kwamba wako ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa linafika. Likajaa. Wahandisi wa jeshi wakafungua mageti lisipasuke, basi wa nyuma ya bwawa wakazama na wa mbele wakazama. Meyerland ambayo iko karibu na Texas Medical Center iliingia maji 2015, ikaingia 2016, ikaingia tena 2017.

Na sheria haitakulinda sana. Tangu 2022 mwenye nyumba Texas lazima akwambie kwa maandishi kama nyumba iko eneo la mafuriko na kama iliharibiwa na mafuriko ndani ya miaka 5 kabla ya mkataba. Piga hesabu mwenyewe, 2017 ishapita zamani, kwa hiyo mafuriko ya Harvey hana ulazima wa kukutajia. Uliza majirani, tena yule mzee anaekaa barazani ndo anajua kila kitu, muulize maji ya Harvey yalifika wapi hapa mtaani. Ukiingia ndani angalia ukuta chini, kama kuna mstari usawa wa kiuno na rangi ya juu na chini hazifanani basi jipsam ilikatwa ikabandikwa mpya. Gusa ubao wa chini ya kabati la jikoni kama umevimba. Hata kama kote kuko safi kata bima ya mafuriko ya vyombo vyenu, bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko, na ile ya mpango wa serikali kuu inaanza kufanya kazi baada ya siku 30 kwa hiyo usisubiri kimbunga kitangazwe kwenye tivii.

Umeme pia ni wa kujipanga. Beryl ya Julai 2024 ilikuwa kimbunga cha daraja la kwanza tu na bado wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, kwetu ulichelewa sana kurudi na kulala bila AC mwezi wa 7 Houston ni mateso, hasa kwa wazee na watoto.

Hela kwa kifupi: Texas haina kodi ya mapato ya jimbo kwa hiyo hundi yako itanona, ila mkija kununua nyumba kodi ya majengo ni kali kote kote, barabara za kulipia ziko kila upande, na Texas hawakupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kama Minnesota, kwa hiyo bima ya afya ya kazini iwepo kabla hamjaiachia ya huko.

Mimi ningeangalia kusini magharibi, Alief kuelekea Mission Bend, Waafrika wapo wengi, mihogo na nazi na ndizi za kupika zipo, viungo vya pilau unachukua Hillcroft. Nitumieni adresi za hizo apatimenti kabla hamjalipa diposit yoyote, nitaenda kuziona na kuongea na majirani. Na mwambie shemeji Dallas ni maili kama 240 tu, atakuwa anaipita na lori kila wiki.