Risala ya Klabu Yetu ya Mpira wa Kikapu kwa Mgeni Rasmi, Uzinduzi wa Msimu Mpya, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioko meza kuu, wazazi na walezi wa wachezaji, wazee wetu wa mtaa, wapenzi wa mpira wa kikapu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha jioni hii. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mazito uliyonayo. Wapo wanachama waliosema hutafika, kwa kuwa mwaka jana tuliletewa mwakilishi. Umefika mwenyewe, tena kabla ya saa kumi tuliyokuandikia kwenye barua. Jambo hilo limetupa moyo, na risala hii tunaisoma tukiwa na moyo huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianzishwa na vijana saba waliokuwa wamemaliza kidato cha nne, wakiwa na mpira mmoja na ringi iliyochomelewa na fundi wa Magomeni. Historia ni ndefu ila muda ni mfinyu. Itoshe kusema kwamba leo tuna wachezaji 31, wa kiume na wa kike, tuna kocha mwenye cheti, na kwa mara ya kwanza wachezaji 12 wa timu ya wakubwa wamesaini mikataba ya maandishi yenye posho ya kila mwezi. Posho hiyo inatokana na michango ya wanachama, na mingi hulipwa baada ya minada ya korosho. Ni ndogo, lakini inalipwa.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tulishika nafasi ya tatu katika bonanza la timu nne kule Lindi, na wenyeji wenyewe tuliwafunga. Kijana wetu mmoja aliitwa Dar es Salaam kufanya majaribio, akakaa huko wiki mbili nzima. Nidhamu ya vijana mtaani imepanda, wazazi waliopo hapa ni mashahidi. Tanzania imeshamtoa Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyekuwa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya mwaka 2009, na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Sisi tunaamini kabisa kwamba mwingine anaweza kutoka Mtwara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, msimu mpya unaanza wiki mbili zijazo, na tungependa ujue timu unayoizindua inachezaje.

Mchezo wetu ni wa pasi. Senta wetu, yule mchezaji mrefu wa katikati, hakai chini ya ringi akisubiri kurushiwa mpira. Anapanda hadi kwenye pembe ya mstari wa mitupo huru, anapokea mpira hapo, na wenzake wanne wanakata kushoto na kulia kumzunguka. Atakayebaki wazi ndiye anayepewa. Kocha wetu hutuonyesha kwenye simu yake jinsi Nikola Jokić wa Denver Nuggets, mabingwa wa NBA wa mwaka 2023, anavyogawa mipira kutoka eneo hilohilo, senta mwenye jicho la gadi, yaani mchezaji anayeongoza mipira. Msimu huu tunaongeza kasi. Sheria inaipa timu sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 kutupa. Sisi tunataka tuwe tumetupa ndani ya sekunde 12, kabla wapinzani hawajajipanga. Mitupo ya pointi 3 tutaitafuta zaidi kwenye kona, ambako mstari uko mita 6.60 kutoka kikapuni, wakati mbele ya ringi ni mita 6.75. Kwenye ulinzi tutakaba uwanja mzima robo ya kwanza na robo ya nne. Dada zetu wa timu ya wanawake wanajifunza mfumo huohuo, na kwa kukaba, tuseme haki yao, wametushinda.

Watu wengi wanatusifu kwa pasi hizi. Leo tunaomba ruhusa yako, Mheshimiwa, tueleze zilikotoka. Tulianza kucheza pasi kwa sababu katika uwanja huu mpira haudundiki.

Tunaomba utazame kushoto kwako, chini ya ringi ile ya upande wa mashariki. Kuna ufa unaoanzia kwenye kona na kukatiza hadi mstari wa mitupo huru. Sarafu ya shilingi 500 inazama humo isionekane. Mchezaji akidunda mpira pale, mpira unaweza kurudi mkononi, au ukakimbilia kwa mpinzani, au ukalala palepale. Ndiyo maana mashambulizi yetu karibu yote yanapita kulia. Timu ya Lindi ilipotutembelea mwezi wa sita ililigundua hilo mapema, ikatuzibia kulia robo zote nne, na tukapoteza mchezo nyumbani kwetu mbele ya watoto wetu. Mfumo wa kutupa kutoka kona niliousoma hivi punde unahitaji kona mbili. Sisi tunayo moja.

Nguzo ya ringi hiyohiyo imezama. Tumeipima kwa futi kamba mara tatu: ringi iko mita 2.98 kutoka sakafuni, na kanuni ni mita 3.05. Sentimita 7 zinaweza kuonekana ni kitu kidogo. Mkono wa mchezaji hujifunza kile unachokirudia kila siku, na mikono ya vijana wetu imejifunza ringi fupi. Tulipokwenda kucheza ugenini kwenye ringi ya kimo kamili tulipata mitupo huru 18, na 11 kati yake iligonga chuma cha mbele na kurudi. Tulifungwa kwa tofauti ya pointi 6. Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilometa 550 hadi Dar es Salaam, kwa nauli zilizotoka mifukoni mwa wazazi, na kurudi kwake basi zima lilikuwa kimya kupita daraja la Mkapa hadi tunaingia Lindi.

Chumvi ya bahari inakula vyuma vyetu, na upepo wa kusi nao tumeuzoea. Wachezaji wetu wanajua kuulenga mpira pembeni kidogo ili upepo uurudishe kikapuni. Mvua zikianza, maji yanatuama katikati ya uwanja na tunayakausha kwa magunia ya korosho. Hayo yote tumeyabeba. Lakini mwezi wa tatu gadi wetu, kijana mwenye kasi kuliko wote katika timu, alikuwa anarudi nyuma kukaba, kisigino kikaingia kwenye ufa. Tuliokuwa kwenye benchi tulisikia kifundo kinavyolia. Alikaa nje wiki tisa. Mama yake yupo hapa leo, na siku ile alituuliza swali moja tu: ule uwanja mlioahidiwa uko wapi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali hilo ndilo tulilolileta mbele yako.

Mwaka juzi, katika shughuli kama hii, mgeni rasmi wetu alisimama hapo ulipo na kutuahidi mifuko 150 ya saruji. Tulipiga makofi hadi mikono ikauma. Ililetwa mifuko 30, na tuliipokea kwa shukrani na risiti tukaandika. Tuliambiwa mingine inafuata, tusianze kazi vipandevipande. Tukatii, tukaihifadhi stoo. Masika yakapita, bati likavuja, saruji ikaganda. Viti unavyoviona pembeni ya uwanja, walipokaa wachezaji wa akiba, ni mifuko hiyo. Mwaka jana tulisoma risala nyingine, mwakilishi akaipokea kwa mikono miwili na kusema atalifikisha suala letu panapohusika. Tumeandika barua nne za kukumbusha, na nakala zake ziko kwenye faili la katibu kama utapenda kuziona. Hatukumbushi haya kwa nia ya kumsema mtu. Tunayakumbusha ili ahadi ya leo isije ikafanana nayo.

Mkoa wetu unazalisha saruji. Malori yake tunapishana nayo barabarani kila tunaposafiri kwenda mechi, na vijana wanayahesabu dirishani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Tulikuwa na orodha ndefu yenye mipira, jezi, taa na viatu. Katika kikao cha Jumanne kamati iliyafuta yote, ili asiwepo wa kusema maombi yalikuwa mengi yakachanganyana. Tunaomba sakafu mpya ya uwanja huu, pamoja na nguzo mbili.

Hesabu yake tumeifanya na fundi. Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa mita 15. Ukiongeza mita 2 za usalama kila upande unapata mita 32 kwa 19, sawa na mita za mraba 608. Zege la unene wa sentimita 10 ni karibu mita za ujazo 61, na kwa mchanganyiko anaoutumia fundi ni takriban mifuko 400 ya saruji, pamoja na wavu wa chuma wa kuzuia nyufa. Tumeona ni vyema kueleza kwamba hata ile mifuko 150 ingeletwa yote, isingefika nusu ya kazi. Sisi hatukukaa kimya: mchanga lori mbili umeshamwagwa nyuma ya ubao wa magharibi, kokoto wazazi wameahidi, na nguvu kazi ni sisi wenyewe, wachezaji 31 na kocha. Tunachokosa ni saruji, wavu na nguzo.

Jambo la pili ni muda. Zege linahitaji kumwagiwa maji na kutunzwa kama siku 28 ndipo likomae, na mvua zetu hazitatusubiri. Kazi ikianza ndani ya mwezi huu, tutamaliza kabla hazijaanza. Ikisogezwa, tumeukosa mwaka mwingine, na ifikapo Oktoba wachezaji wetu wanne wanarudi Newala na Tandahimba kusaidia korosho za familia, nguvu kazi inapungua.

Ili kupisha kazi hiyo, tumeshaziandikia timu nyingine na kukubaliana kwamba michezo yetu minne ya kwanza tuicheze ugenini. Mazoezi tutafanya ufukweni, kwenye mchanga, bila ringi. Tumefanya hivyo kabla hujatujibu neno, Mheshimiwa, kwa sababu tumeamua kukuamini. Sakafu isipopatikana, timu hii unayoizindua leo haina mahali pa kuchezea mchezo wa tano.

Tunakuombea afya njema na mafanikio katika kazi zako. Na kwa heshima zote tulizonazo, tunakuomba ahadi yako ya leo iwe ya maandishi. Daftari la wageni liko mezani mbele yako, na katibu ameuchora ukurasa wake: idadi ya mifuko, tarehe ya kuleta, jina na saini. Kalamu ipo juu yake.

Baada ya hapo tutakuomba ushuke uwanjani urushe mpira wa ufunguzi. Tumekuandalia ringi ya magharibi.

Naomba kuwasilisha.