Kihatarishi kisicho na mwenyewe

Wateja wengi hutujia wakitaka cheti cha usalama wa taarifa. Mkaguzi yuko njiani, basi sera ziandikwe, majalada yapangwe, shughuli iishe. Sisi huanza na swali jingine: kihatarishi, yaani jambo linaloweza kuwaletea hasara, kinachowatisha zaidi ni kipi, na mwenyewe ni nani? Sehemu ya kwanza hujibiwa upesi. Ya pili huwafanya watu watazamane.

Yaliyoikuta Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, mwaka 2017 yanaeleza kwa nini tunaling'ang'ania swali hilo. Mwezi Machi kiraka cha kuziba tundu katika programu ya Apache Struts kilikuwa kimeshatoka. Sera ya kampuni ilitaka matundu mazito yazibwe ndani ya saa 48. Tangazo lilitumwa kwa baruapepe, lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa ya zamani, na waliopaswa kuweka kiraka hawakulipata. Mwezi Mei wadukuzi wakaingia; waligunduliwa mwishoni mwa Julai, taarifa za watu wapatao milioni 147 zikiwa zimeshachukuliwa. Sera ilikuwepo, tena nzuri. Hakukuwa na mtu wa kuulizwa, saa ya 49, mbona kazi haijafanyika.

Kuulizwa huko ndiko utawala. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa upya mwongozo wake wa usalama wa mtandao Februari 2024, iliongeza utawala kuwa jukumu la sita, juu ya yale matano ya awali: kutambua, kulinda, kugundua, kukabili na kurejesha. Kwa maoni yetu ulichelewa.

Kwenye vihatarishi ndiko tunakotumia muda mwingi. Kihatarishi unaweza kukipunguza, kukikwepa, kumgawia mwingine mzigo wake kwa bima au mkataba, au kukikubali. Hili la kukubali ndilo linaloharibiwa mara kwa mara. Fundi wa mifumo anajua seva imezeeka, anaomba fedha, ananyimwa, ananyamaza. Kihatarishi kimekubaliwa bila mtu yeyote kusaini, na siku ya msiba atalaumiwa yeye. Fundi hana mamlaka ya kukubali hasara kwa niaba ya kampuni. Kazi yake ni kuieleza hatari hiyo kwa lugha ya fedha na muda wa huduma kusimama, kisha mwenye bajeti aamue, aandike jina lake na tarehe ya kuupitia upya uamuzi huo.

Uzingatiaji wa viwango na sheria huja baada ya hapo, na huwa mwepesi kuliko watu wanavyodhani. ISO 27001 ya mwaka 2022, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ina vidhibiti 93, yaani hatua za ulinzi, katika kiambatisho chake, na wengi huhangaika kuvitekeleza vyote. Si lazima. Unachagua vinavyojibu vihatarishi vyako, na unaeleza kwa maandishi kwa nini umeviacha vingine. Sheria hazina ulegevu huo: GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inakupa saa 72 kuiarifu mamlaka tangu ulipofahamu kuwa taarifa binafsi zimevuja, isipokuwa pale ambapo uvujaji huo hauelekei kuwadhuru wahusika. Saa hizo hazitoshi kuanza kutafuta nani mwenye ruhusa ya kuandika barua.

Kikao chetu cha kwanza ni cha nusu siku. Njooni na orodha ya mifumo yenu, hata kama haijakamilika, na tafadhali aje pia mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha matumizi. Asipokuwepo, tunaahirisha.