Watoto wapewe mafumbo, waijue Nairobi kwa miguu

Mhariri,

Ninafundisha Masomo ya Jamii Gredi ya Sita katika shule moja ya Eastlands, na kila mwaka wazazi huniuliza: ziara safari hii ni wapi? Jibu halibadiliki. Uwanja wa ndege, makao ya wanyama, kisha chipsi na soda. Katikati ya jiji basi hupita tu, nusu ya watoto wakiwa wamelala. Nina pendekezo, ingawa nimelitoa mbali.

Likizo ya Agosti nilimtembelea dada yangu, muuguzi anayeishi Utrecht, Uholanzi. Ni mji wa mifereji. Ule mkuu, Oudegracht, ulianza kuchimbwa karne ya 12, na gati zake ziko chini kabisa karibu na maji, huku barabara ikipita juu. Zamani mashua zilishusha mizigo pale chini, ikaingizwa moja kwa moja kwenye maghala yaliyochimbwa chini ya barabara hadi chini ya nyumba za wafanyabiashara. Siku hizi mengi ni mikahawa. (Mfereji mwingine wa huko, Catharijnesingel, sehemu yake iliwahi kufukiwa ili kujengwa barabara kuu, mwaka 2020 maji yakarudishwa. La Mto Nairobi nitaliandikia barua yake.)

Peke yangu ningepiga picha mbili tatu nikarudi kunywa chai. Lakini mpwa wangu, rika la wanafunzi wangu, alinijia na simu: "Mjomba, vaa viatu, tunasaka." Ni mchezo unaoitwa jiokeshingi (geocaching): kusaka vikopo vilivyofichwa kwa kuongozwa na GPS, yaani setilaiti zinazokuonyesha mahali ulipo. Ulianza Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyotumiwa na raia. Siku hizo hizo mtu mmoja wa Oregon akaficha ndoo ya vitu vidogo vidogo msituni, akatangaza kwenye intaneti mahali ilipo. Leo vikopo vya aina hiyo vimefichwa dunia nzima.

Fumbo letu halikutupeleka kwenye kikopo moja kwa moja. Kwanza tulitazama taa za kando ya mfereji, ambazo nguzo zake zimekalia mawe yaliyochongwa picha za hadithi. Nisingeinama kuyatazama kama sikuulizwa swali. Kisha mnara wa Dom, mita 112, umesimama peke yake upande huu na kanisa lake upande ule, uwanja katikati. Kwa nini? Dhoruba ya mwaka 1674 iliangusha sehemu ya kati, na mahali pake pamechorwa kwa mawe ardhini. Mbele tena, kwenye mawe ya barabara, kuna shairi: kila jiwe herufi moja, na kila Jumamosi huongezwa herufi nyingine. Mpwa alipiga magoti akalisoma polepole, akinitafsiria, baiskeli zikitukwepa.

Majibu yote yalikuwa nambari, na nambari zikatupa mahali pa mwisho: daraja. Mpwa aliniamuru nijifanye nafunga kamba za viatu, wapita njia wasishtuke, kisha akapapasa nyuma ya chuma akatoa kikopo chenye sumaku, kidogo kama cha filamu ya kamera za zamani. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Tukaandika majina na tarehe, tukakirudisha. Basi.

Najua mtakavyosema: kikopo kimefichwa chini ya daraja, Nairobi hii? Mna haki. Tangu bomu la tarehe 7 Agosti 1998 hakuna anayetaka kuona kifurushi kisicho na mwenyewe. Hata Uingereza, mjini Wetherby, mwaka 2011 wanajeshi walilipua kikasha cha mchezo huu kilichokuwa nje ya mkahawa. Kwa hiyo kikopo tukiache. Mchezo wenyewe una aina isiyo na kikopo, ambapo unafika, unasoma, unajibu.

Na sisi tuna ya kusoma. Tuanzie Kipande House, jengo la 1913 ambako Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande, kitambulisho cha enzi ya ukoloni. Tushuke Kenyatta Avenue hadi sanamu ya shaba ya watu watatu, kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ya mwaka 1928, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Swali: ni nani kati yao hana bunduki, na kazi yake ilikuwa nini? Mtoto akigundua kwamba ni mpagazi, na kwamba wapagazi wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi, hatasahau. Halafu Dedan Kimathi, sanamu iliyozinduliwa 2007: ameshika nini mkono huu, na nini ule? Tumalizie kwa simba wa mawe wa maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu pekee, na watoto waingie ndani waombe kitabu. Yote hayo ni mwendo wa asubuhi moja, bila nauli ya ziada.

Kaunti na Makavazi ya Kitaifa wanaweza kuandaa mafumbo hayo kwa karatasi tu, kwani wanafunzi wangu wengi hawana simu. Walimu tutayajaribu na kuyasahihisha. Ila walinzi wa majengo waelezwe mapema. Mara ya mwisho nilipowapanga wanafunzi mbele ya jengo moja la zamani wachore madirisha yake, mlinzi alitufukuza akisema kupiga picha ni marufuku. Walikuwa na penseli.

Mwalimu wa Gredi ya Sita,
Nairobi