Harufu ya mbege si kipimo

Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako habari ya askari wa usalama barabarani wanaowapima ulevi madereva wa mabasi kabla hawajatoka stendi, nami sina ugomvi na zoezi hilo. Kilichonisukuma kuandika ni upimaji wa aina nyingine, ule tunaoufanya sote kwa pua: mtu anaanguka, anainamiwa, ananuswa, na kabla hata hajaguswa hukumu imeshatoka kwamba "huyo kalewa, mwacheni alale, pombe itamtoka." Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo katika chumba cha wagonjwa wa dharura, na maneno hayo nimeyasikia kwa ndugu, kwa askari, kwa wenyeviti wa mitaa na, niungame, katika miaka yangu ya mwanzo niliyasema mwenyewe.

Desemba iliyopita, siku mbili kabla ya Krismasi, wakati ambapo watoto wa Kilimanjaro waliotapakaa mikoani wanakuwa wamesharejea na kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina shughuli yake, nilialikwa kwenye sherehe ya kipaimara huko Kibosho. Shemeji yangu ndiye aliyesimamia uchinjaji tangu alfajiri na, kama ilivyo kwa wasimamizi wengi wa shughuli, aliwalisha watu wote akajisahau yeye. Kilichoingia tumboni mwake tangu asubuhi kilikuwa kata za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, pombe kali kidogo aliyopewa na vijana wa muziki. Jioni alianza kutoa majibu yasiyohusiana na maswali, akavua kofia yake akaifunika juu ya sufuria ya supu, na watu wakacheka sana. Nusu saa baadaye tulimkuta amelala chini ya mgomba, shati limelowa jasho la baridi, akiitwa haitiki.

Tulimpeleka katika kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa zamu alimtazama kutoka mlangoni, akavuta pumzi, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, huyu si mgonjwa. Mrudisheni akalale." Nilimwomba ampime sukari. Akajibu kwamba kipima sukari kimo kabatini, na ufunguo wa kabati anao mfawidhi, na mfawidhi ameshakwenda nyumbani. Tulimtuma kijana kwa bodaboda kwa bibi mmoja wa jirani mwenye kisukari akaazime kifaa chake. Tone moja la damu kutoka kwenye kidole kilichokuwa baridi kama jiwe la mtoni, sekunde chache za kusubiri, na kioo kikaandika 1.9, ilhali mtu mzima aliye salama huwa na 4 kwenda juu na chini ya 3 ni hatari. Kwa haki ya yule mhudumu niseme kwamba alipoiona namba hiyo alikimbia. Alipata mshipa kwa mara ya kwanza, akaingiza glukosi taratibu, na bomba la sindano halijaisha shemeji akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kofia yake iko wapi.

Jambo hili si miujiza, na halikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Ini ndilo linaloichakata pombe, na likiwa katika kazi hiyo hushindwa kutengeneza sukari mpya. Mtu aliyekula vizuri anayo akiba ya kumvusha, lakini aliyeshinda na njaa, mlevi wa siku nyingi aliyekonda, na hasa mtoto mdogo aliyekunywa masalia ya kwenye vikombe vya wageni, akiba yao huisha upesi. Ubongo unaokosa sukari huyumba, hupayuka, husinzia na hatimaye hupata degedege, yaani hufanya yale yale tunayoyaita ulevi, na harufu ya kinywani huwa ya kweli. Hapo ndipo mtego ulipo.

Mtego huo una sura nyingine. Aliyelewa ndiye anayeanguka kwenye ngazi na kwenye pikipiki, kwa hiyo aliyelewa ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuvujia damu ndani ya fuvu, na damu hiyo humzamisha polepole usiku kucha wakati ndugu wanadhani anakoroma kwa usingizi. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, au mkono mmoja ukiwa mlegevu kuliko mwingine, hiyo si pombe. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imepanda mno hutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na katika mkoa wa ndizi na mbege ni rahisi sana kumsingizia kilabu. Wala mlevi hajapewa kinga ya malaria.

Kwa hiyo mtu aliyelala na kuitwa bila kuitika asinuswe, aangaliwe. Msugue kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asiposhtuka, huyo si wa kulazwa nyumbani. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kwa saa na si kwa kukisia: zikiwa chini ya 8, au akinyamaza sekunde 10 kabla ya kuvuta nyingine, ni dharura. Rangi ya bluu, dalili ya kukosa hewa, kwetu watu weusi haionekani usoni, itazamwe ndani ya midomo na kwenye kucha. Wakati gari linatafutwa alazwe ubavu, goti la juu limekunjwa na uso umeelekea chini kidogo ili matapishi yatoke nje badala ya kuingia mapafuni, na mtu mmoja abaki naye. Asitiwe kidole kooni, asimwagiwe maji ya baridi, asinyweshwe kahawa wala maziwa. Mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, pamoja na sifa zake zote za asubuhi ya pili, ni chakula cha mtu aliye macho.

Hakuna kinachoharakisha pombe kutoka. Mwili hupunguza takriban miligramu 15 hadi 20 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, hivyo mwenye 160 anahitaji muda usiopungua saa nane hata akipewa dripu mbili. Hospitali haina dawa ya kuizimua. Kazi yake ni kulinda njia ya hewa, kupandisha sukari, kumpasha joto mgonjwa, kutafuta jeraha lililojificha na, kwa mnywaji wa miaka mingi, kumpa vitamini B1 pamoja na glukosi ili ubongo wake usidhurike.

Nirudi kwenye kipima ulevi cha askari, kwa sababu nimesikia watu wakishauri kigawiwe vituo vya afya kana kwamba kitamaliza tatizo. Kifaa hicho kilibuniwa mwaka 1954 na Robert Borkenstein, aliyekuwa akifanya kazi na polisi wa jimbo la Indiana nchini Marekani, na kilibuniwa kujibu swali la polisi. Hukadiria pombe iliyomo katika damu kutokana na hewa ya mapafuni, na aliyepiga funda sasa hivi inabidi asubiri kama dakika 15, la sivyo kitapima kinywa chake. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataja miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na kwa dereva namba hiyo inatosha. Kwa mgonjwa haitoshi, kwa kuwa mzoefu mwenye 200 anaweza kukusalimia na kukuuliza habari za watoto, na mgeni wa pombe mwenye 200 hiyo hiyo akawa hajitambui; tena namba kubwa haithibitishi kwamba hakuna damu ndani ya fuvu.

Gongo, pombe kali inayopikwa kienyeji, nayo ina hatari yake ya pekee. Ikichanganyika na methanoli, pombe ya viwandani iliyo sumu, mnywaji huamka kama kawaida, kisha saa 12 hadi 24 baadaye huanza kuona ukungu mweupe, kuumwa tumbo na kuhema kwa kasi. Huyo awahishwe hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa zake zipo na macho hayasubiri. Na familia zinazomfungia ndani mlevi wa kila siku ili "aache kwa nguvu" zijue kwamba mitetemeko na degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa kukafuata siku ya pili au ya tatu, hali inayoua. Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Akishazinduka, mnywaji anastahili pia kuulizwa kiasi anachokunywa bila kusimangwa, na maswali ya kuuliza yapo: dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani limekwisha kujaribiwa kwa Kiswahili kwa majeruhi waliopokewa katika hospitali ya KCMC hapa Moshi.

Maombi yangu ni mawili. Askari anayeletewa mtu asiyeamka asimwingize mahabusu hadi apimwe na tabibu katika kituo cha afya, hata kama ananuka kilabu kizima. Na waganga wafawidhi wahakikishe kwamba kipima sukari kinakaa mezani kwa muuguzi wa zamu, usiku na sikukuu, pamoja na vijiti vyake. Januari nilipita tena katika kile kituo kumshukuru yule mhudumu. Kifaa kilikuwa mezani, kimefutwa vumbi. Vijiti vilikuwa vimebaki vitatu.

Muuguzi mstaafu,
Kiboriloni, Moshi.
(Jina langu unalo, Mhariri, naomba lisichapishwe, shemeji anasoma gazeti hili.)