Salamu za Krismasi kutoka kwa familia ya basi la Mwika

Ndugu abiria wetu, wazee wetu wa Mwika, Mamba na Marangu huku Kilimanjaro, na ninyi vijana ambao bado mko Dar es Salaam mkihesabu siku za kuanza likizo: kwa niaba ya mama yangu, baba zangu wadogo na wote wanaofanya kazi katika mabasi yetu, nawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye afya na amani. Nawasalimu kwa namna ya pekee abiria wetu Waislamu, ambao kila Desemba huahirisha safari zao ili jirani zao Wakristo wapate viti. Fadhila hiyo tunaiona, nasi sikukuu ya Idi inapofika hujitahidi kuilipa.

Mama ameniomba mwaka huu niandike salamu ndefu kuliko kawaida, kwa sababu tulipokuwa tukihamisha makabati ya ofisi yetu ya Himo tulikuta sanduku la bati la babu, ambalo ndani yake mlikuwa na vitabu vya tiketi vya zamani, vile vya nakala ya kaboni, kila ukurasa ukiwa na jina la abiria, mahali aliposhukia na nauli aliyolipa. Tulikaa sakafuni tukasoma hadi jioni.

Babu hakuanza na basi. Alianza na lori moja lililochukua kahawa kutoka vyama vya msingi vya huku mlimani na kuipeleka Moshi kwa ajili ya KNCU, ule muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933, ambao uliwawezesha wazee wetu wengi kusomesha watoto. Siku za gulio lori hilo hilo lilibeba akina mama na mikungu yao ya ndizi, na hapo ndipo babu alipojifunza kuwa abiria hapakiwi kama gunia, maana gunia likichelewa halikuulizi neno ukilikuta sokoni. Mwaka 1976 Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, kazi ya kahawa ilimponyoka. Alilipeleka lori kwa mafundi wa Moshi, wakaondoa bodi ya nyuma na kujenga nyingine ya mbao na bati, yenye mabenchi na keria juu, na lori likawa basi la Mwika, Himo na Moshi.

Safari ndefu za Dar es Salaam zilikuwa na wenyewe. Kampuni ya mabasi ya DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa kuwa UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, kwa usafiri wa jijini na KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, kwa safari za mikoani. Babu hakuwahi kuisema KAMATA vibaya. Alfajiri aliwashusha abiria wake stendi ya Moshi na kuwakabidhi kwa kondakta wa KAMATA kwa majina, kana kwamba anakabidhi watoto shuleni, na wale waliotoka Dar es Salaam aliwasubiri hata kama saa zimepita. Naamini kampuni yetu ilizaliwa katika kusubiri huko zaidi ya kuzaliwa siku ile bodi ilipokamilika.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, na sisi wa mpakani tuliionja kabla ya wengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, kwa hiyo vipuri ambavyo babu alikuwa akivifuata Taveta, ng'ambo tu ya Holili, vikawa kama viko nchi ya mbali. Kisha ikaja Vita vya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake uhaba wa mafuta, ambapo tairi moja lilipatikana kwa kibali na barua mbili tatu. Vitabu vya miaka hiyo vina kurasa nyingi tupu, kwa sababu basi lilisimama juu ya mawe miezi mizima.

Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, babu na wanawe waliuza ng'ombe, wakakopa kwa ndugu na kununua basi la pili, lililokuwa la kwanza kwetu kwenda Dar es Salaam. Lilishusha katikati ya jiji kabla ya kuhamia Ubungo pamoja na mengine, na tangu mwaka 2021 ni Mbezi Luis, katika stendi ya Magufuli. Safari yenyewe haijabadilika: Chalinze, Wami, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, zaidi ya kilomita 500 hadi nyumbani. Kilichobadilika ni mzigo. Zamani dereva alikuwa pia posta na benki. Alipewa bahasha za ada ya shule na barua za posa, naye alizifikisha, na sikumbuki bahasha hata moja iliyolalamikiwa. Fedha za simu zilipokuja mwaka 2008, bahasha zikapungua hadi zikaisha, na leo buti hubeba magodoro ya kupanda mlimani na parachichi za kushuka pwani.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya nikubali kuandika. Katika sanduku lile kulikuwa na kitabu kimoja kilichofungwa kwa kamba peke yake, nacho ni cha tarehe 24 Desemba ya mwaka mmojawapo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi wenu mnaijua safari ile. Basi liliondoka Dar es Salaam asubuhi likiwa limejaa, na watu wakiwa na nguo mpya za watoto na mafuta ya kupikia magotini, na lilipofika Hedaru, kabla ya Same, propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ikakatika. Kosa lilikuwa letu. Fundi alikuwa amekwisha kusema kwamba shafti ile ibadilishwe, na sisi tukaona ivushe sikukuu kwanza, kwa kuwa siku zile nne au tano ndizo zilizolipa madeni ya mwaka. Abiria walilala Hedaru usiku wa Krismasi. Wenyeji, ambao hawakutujua wala hawakutudai, waliwafungulia nyumba, wakawachemshia chai ya tangawizi na kuwalaza wazee na watoto vitandani mwao. Gari la kuwachukua lilifika kesho yake, na walipofika nyumbani ibada ilikuwa imekwisha na nyama zilikuwa zimegawanywa.

Babu hakula sikukuu ile. Alichukua nakala za tiketi, akakata masale, majani ambayo sisi Wachagga huombea msamaha, kwenye mpaka wa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na tangu tarehe 26 alianza kupita nyumba kwa nyumba, mkononi ana sale, mfukoni ana nusu ya nauli ya kila mtu. Ninyi mliokulia Kilimanjaro mnajua kwamba mtu akikujia na sale huwezi kumfungia mlango, hata kama amekukosea vikubwa. Vijana waliozaliwa Dar es Salaam nawaomba wawaulize bibi zao wawaeleze vizuri kuliko mimi. Alizunguka hadi katikati ya Januari, akipanda na kushuka makorongo kwa miguu, kwa kuwa alikataa kupanda gari. Kila aliyempokea, babu aliweka alama ya kalamu mbele ya jina lake. Mama anasema wengi waliikataa ile nusu ya nauli na kulipokea sale.

Ninayaeleza haya kwa sababu msimu wa sasa una vishawishi vile vile, nami sipendi kuvificha. Kabla ya Krismasi mabasi hupanda yamejaa na kurudi Dar es Salaam karibu matupu, na baada ya Mwaka Mpya mambo hugeuka, hivyo kila mwenye basi hujikuta akifikiria kupandisha nauli, kuongeza viti vya katikati au kumwambia dereva aunganishe safari bila kulala. Familia yetu imekaa na kukubaliana: nauli itabaki ndani ya kiwango kilichotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, kila safari itakuwa na madereva wawili, na hakuna atakayelaumiwa kwa kufika saa moja baadaye. Tangu safari za usiku zilipofunguliwa tena mwaka 2023 tumeombwa sana tuongeze basi la usiku wa tarehe 24. Hatutaliongeza. Madereva wetu nao wana watoto wanaowasubiri nyumbani wahesabiwe pamoja na ukoo, na mama atawapikia mtori na kuwatengea nafasi mezani kabla ya giza kuingia. Ikiwa viti vyetu vimejaa, tafadhalini pandeni kwa wenzetu au mchukue treni ya Moshi iliyorudi mwaka 2019, mradi mfike salama, hatutaona wivu. Na mkiwa ndani ya basi letu, dereva akienda zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mwambieni apunguze, kisha mnijulishe.

Kwa wenyeji wa Hedaru, ambao watoto wao leo wengi ni abiria wetu, shukrani zetu hazijachakaa.

Katika kitabu kile kuna majina manne ambayo hayana alama. Babu alifariki kabla hajawapata, na mama anadhani walikuwa wageni waliokuja kutembelea ndugu, mmoja akiwa na mtoto mchanga, maana tiketi imeandikwa «na mtoto». Ikiwa wewe ulilala Hedaru usiku ule na hakuna mtu aliyekuja kwako, au ikiwa mtoto yule ni wewe, pita nyumbani kwetu Mwika sikukuu hii. Kalamu imewekwa pamoja na kitabu, na masale yako pale pale kwenye mpaka wa kihamba.

Heri ya Krismasi, na karibuni nyumbani.